Kipimo cha Kabla

Kazi ya kwanza niliyopewa nilipoanza mradi wa mwaka wa nne ilikuwa kupima kopo tupu. Ndani hamna mchanga, hamna jiwe, hamna kitu. Kopo la plastiki lenye kifuniko cha kuzungusha liliwekwa juu ya kipima mionzi, likazungushiwa matofali ya risasi, kompyuta ikaachwa kando ihesabu usiku kucha. Asubuhi, kopo lile lisilo kitu lilikuwa limechora wigo mzima kwenye skrini, una vilele na mabonde. Potasiamu imo. Thoriamu imo. Zimetoka kwenye saruji ya kuta, kwenye sakafu, kwenye kioo cha chombo chenyewe. Kutoka juu nako, karibu chembe moja ya mionzi ya anga hupita kila dakika katika kila sentimita mraba ya ardhi iliyo usawa wa bahari, na matofali yetu ya risasi hayaizuii. Hata mimi niliyekuwa nikiliinamia kopo nilikuwa na mchango wangu: ndani ya mwili wa mtu mzima wa kilo 70, atomu zaidi ya 4,000 za potasiamu huvunjika kila sekunde, awe amelala au yuko macho, awe amesoma fizikia au hakusoma.

Msimamizi wangu ni mtu wa maneno machache. Aliutazama wigo ule, akasema, "Huo ndio msingi wako. Kila utakachopima kuanzia leo, utaondoa huo kwanza." Kisha akaenda zake darasani.

Mradi wenyewe haukuwa mkubwa. Nyumba nyingi za huku kwetu Pwani hujengwa kwa mawe ya matumbawe yanayokatwa machimboni, kisha hupigwa lipu kwa mchanga unaochotwa mitoni. Nilitaka kujua vitu hivi tunavyolala ndani yake vina mionzi ya asili kiasi gani. Swali si geni, limeulizwa kote ulimwenguni, na kamati ya Umoja wa Mataifa inayofuatilia athari za mionzi ilikwisha kuyakusanya majibu: udongo wa kawaida duniani una takriban bekereli 35 za urani, 30 za thoriamu na 400 za potasiamu katika kila kilo, bekereli moja ikiwa ni atomu moja kuvunjika kwa sekunde. Kwa makadirio yaliyotumika kwa miaka mingi, binadamu wa kawaida hupata kama milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka vyanzo vya asili pekee. Kwa hiyo mwanafunzi wa shahada ya kwanza haendi maabara kugundua nguvu mpya ya maumbile. Anakwenda kutia nukta moja kwenye ramani, mahali ambapo palikuwa peupe.

Nami nasema nukta moja si haba. Ila ukimwambia hivyo mtu aliyekulipia karo, jiandae kutazamwa.

Kazi ya mikono ni ile ile ya jikoni: kuanika, kukausha kwenye tanuri, kutwanga, kuchekecha, kupima uzito. Mchanga ukishakuwa mkavu na laini, unautia koponi, unakaza kifuniko, unazungusha utepe mpaka uhakikishe hakuna upenyo. Halafu unasubiri mwezi mzima bila kufanya chochote. Sababu ni radoni. Urani ikivunjika, hatua baada ya hatua, hufika kwenye radiamu, na radiamu huzaa radoni, ambayo ni gesi. Gesi hutoroka. Lakini ile miali tunayoitumia kuitambua urani hutolewa na bismathi, ambayo ni mzao wa radoni. Mama akitoroka, mtoto atazaliwa kwingine, na kipimo chako kitasema mchanga hauna kitu. Radoni hupungua nusu kila baada ya siku 3.8, kwa hiyo ukiifungia koponi kwa wiki nne hivi, inayozaliwa na inayokufa hulingana. Hapo ndipo unapoweza kupima.

Wenzangu wa uhandisi walikuwa wakipita mlangoni wanaona makopo yamepangwa rafuni, yameandikwa tarehe, nami nimekaa nasoma. "Utafiti unaendeleaje?" huniuliza. "Unaendelea," nawajibu. Ulikuwa unaendelea kweli, ndani ya makopo, bila mimi.

Subira ya pili ni ya kuhesabu, na hii ndiyo iliyonibadilisha. Atomu haivunjiki kwa ratiba. Huwezi kusema hii itavunjika sasa na ile kesho. Unachoweza kusema ni zikiwa nyingi, kiasi gani zitavunjika kwa wastani. Kwa hiyo kila hesabu ina shaka yake, na shaka hiyo ina kanuni nyepesi kuliko zote nilizofundishwa: ni kipeuo cha pili cha idadi uliyohesabu. Ukihesabu miali 100, shaka yako ni 10, yaani asilimia kumi. Ukihesabu 10,000, shaka ni 100, yaani asilimia moja. Itazame vizuri kanuni hii. Ukitaka kuipunguza shaka kwa nusu, haitoshi kusubiri mara mbili. Lazima usubiri mara nne. Ukitaka iwe robo, mara kumi na sita. Wahenga walisema subira huvuta heri, lakini hawakutuambia bei yake. Bei ndiyo hiyo.

Tena shaka haifiki sufuri, hata ukihesabu mpaka chuo kifungwe. Kuna mahali itakubidi useme: kiasi hiki cha kutojua naweza kuishi nacho, nazima mashine, naandika. Hakuna fomula ya mahali hapo. Niliposoma makala za watu wengine nikagundua kwamba ninachosoma kwa makini zaidi si ile namba kubwa ya mbele bali ile ndogo inayofuata alama ya kujumlisha na kutoa, kwa sababu huko ndiko mwandishi anakosema kweli ya nafsi yake: aliamua kuacha wapi, na kwa nini. Mtu anayetoa namba bila shaka yake nimeanza kumwona kama muuzaji.

Nilipochoka na makopo nilisoma habari za watu waliohangaika na kopo tupu kabla yangu. Mwanzoni mwa karne iliyopita vipima mionzi vilikuwa elektroskopu, vyombo vilivyotiwa chaji ya umeme ambayo ilipotea taratibu mionzi ilipopita. Taabu yake ni kwamba chaji ilipotea hata pasipokuwa na kitu chochote cha mionzi karibu. Wengi walisema ni ardhi. Mwaka 1910 padri Mjerumani, Theodor Wulf, alipanda na elektroskopu yake mpaka juu ya mnara wa Eiffel, Paris, akitarajia kwamba huko mita 300 juu mionzi ya ardhi itakuwa karibu imekwisha. Ilipungua, lakini si kwa kiasi alichokitarajia. Mwaka uliofuata Mtaliano Domenico Pacini akaenda upande wa pili: alikizamisha chombo chake baharini, Livorno, mita tatu chini ya maji, na hesabu ikashuka kwa kama asilimia 20. Ikiwa maji yaliyo juu ya chombo yanazuia kitu, basi kitu hicho hakitoki chini. Agosti 1912 Victor Hess, Mwaustria, akapanda puto kupita mita 5,000, na huko juu akakuta mionzi inaongezeka badala ya kupungua. Ilikuwa inatoka angani. Hess alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1936. Pacini alikuwa amefariki miaka miwili kabla.

Mimi ni mtoto wa pwani, kwa hiyo moyo wangu uko na Pacini. Hakupanda mnara wala puto. Alikuwa na bahari, akaitumia.

Ila nisije nikajidanganya kwa hadithi nzuri. Si kila kopo tupu lina Nobel ndani. Langu lina saruji.

Mahali pengine huku Pwani msingi wenyewe ni mkubwa zaidi: ukienda kusini, Kwale, kuna kilima cha Mrima. Mwamba wake ulipanda kutoka chini sana ya ardhi zamani za volkano, na umebeba niobi, madini adimu na thoriamu ya kutosha kuifanya mionzi ya asili ya hapo kuzidi wastani wa dunia mara nyingi. Watafiti wa mionzi wameupima mlima huo kwa miaka, na wawekezaji wameutazama kwa jicho jingine. Juu yake pana msitu mtakatifu wa kaya wa Wadigo. Thoriamu ya Mrima ina tabia inayonishangaza kila nikiifikiria: hupungua nusu baada ya miaka bilioni 14 hivi, muda unaozidi kidogo umri wa ulimwengu wote. Zaidi ya robo tatu ya thoriamu iliyokuwapo dunia ilipoumbika ingalipo, inavunjika moja moja. Nimewasikia watu wakisema wazee wa kaya walijua, ndiyo maana wakakataza watu wasiingie ovyo. Siipendi kauli hiyo, ingawa husemwa kwa nia njema. Wazee walikuwa na sababu zao, na sababu hizo hazihitaji thoriamu kuja kuzitolea ushahidi.

Haya yote yangebaki mambo ya maabara kama si mjomba wangu.

Mjomba huvua upande wa Mida. Likizo moja nilikwenda kumsalimia, nikamkuta anashona wavu uani. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, mwanangu. Ati nasikia siku hizi wapima nyuklia?" Nikamweleza kwamba napima mchanga na mawe, mionzi ya Mungu tu iliyomo ardhini. Alinisikiliza, mkono hauachi wavu. Wakati huo habari ya nyuklia Kilifi haikuwa habari ya vitabuni. Uyombo, kijiji cha bahari kisicho mbali na hapo alipokuwa ameketi, kilikuwa kimetajwa kuwa mahali pa kujengwa kinu cha kwanza cha umeme wa nyuklia nchini Kenya. Mwaka 2024 wakazi waliandamana kukipinga, wakakabiliana na polisi. Baadaye macho ya serikali yakageukia Siaya, upande wa ziwa, lakini huku kwetu kila mtu ana maoni yake kuhusu iwapo yamegeuka kweli.

Mjomba hakuniuliza kama nyuklia ni nzuri au mbaya. Angeniuliza hivyo ningekuwa na la kusema, maana pande zote mbili nimezisoma. Aliuliza hivi: "Wakijenga, kisha bahari ikaingia kitu, sisi tutajuaje kama kitu hicho hakikuwamo tangu hapo?"

Nikasema, "Mjomba, hilo ndilo swali lenyewe."

"Basi lijibu, si umesoma."

Nilirudi chuoni nalo. Kadiri nilivyolichambua ndivyo nilivyoona kwamba mvuvi asiyejua bekereli ni nini alikuwa amefika pale pale alipofika msimamizi wangu na kopo lake: huwezi kupima kilichoongezeka kama hujui kilichokuwapo. Na katika suala la kinu, kilichokuwapo si thoriamu na potasiamu peke yake. Kuna sesiamu-137. Hii haipatikani kwa maumbile kwa kiasi cha kupimika. Huzaliwa urani inapopasuliwa, kwenye kinu au kwenye bomu. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 mataifa makubwa yalilipua mabomu ya majaribio hewani, na sesiamu yake ikapeperuka ikaanguka kila pahali duniani, hata kwa watu ambao hawakuwa na ugomvi na mtu. Mkataba wa mwaka 1963 uliyazuia majaribio ya hewani ya Marekani, Urusi ya Kisovieti na Uingereza, ingawa Ufaransa na China ziliendelea kwa miaka kadhaa zaidi. Sesiamu-137 hupungua nusu kila miaka 30, kwa hiyo iliyoanguka wakati ule imebaki kama robo. Ni kidogo, tena kwetu karibu na ikweta huwa kidogo zaidi kuliko Ulaya. Lakini si sufuri.

Sasa fikiria kinu kimejengwa, popote pale, kimefanya kazi miaka ishirini, na mtafiti mmoja anakuta sesiamu kwenye matope ya mikoko. Wakazi watasema imetoka kinuni. Wenye kinu watasema ni mabaki ya mabomu ya kale. Kila upande utakuwa na haki ya kusema hivyo, na hakuna wakili wala waziri atakayeweza kuwaamua, kwa sababu mwamuzi alitakiwa kuja miaka ishirini kabla akiwa na ndoo na kijiko. Kipimo cha baada mtu anaweza kukirudia hata mara mia. Cha kabla kina nafasi moja. Siku kinu kinapowashwa, mlango wake unafungwa.

Nchi zinazojenga vinu hutakiwa kufanya vipimo hivi. Si siri wala si ugunduzi wangu. Ninachouliza ni nani atakayevishika. Faili la mshauri wa mjenzi ni jambo moja. Daftari la mtu anayejua jina la kila mkondo, ambaye mjomba anaweza kwenda kumgongea mlango, ni jambo jingine.

Nilipofika hapo nikagongana na chombo changu mwenyewe. Kipima mionzi cha maabara yetu ni fuwele ya sodiamu iodidi. Ni chombo cha heshima: mwali ukiingia, fuwele hutoa cheche ya mwanga, na mwanga hugeuzwa umeme. Kwa potasiamu, ambayo mwali wake una nishati ya kiloelektrovolti 1,460 na umesimama peke yake, hakina taabu. Thoriamu pia; mwali wa 2,614 uko mbali na kila kitu. Lakini sesiamu ina mwali wa 662, na bismathi ya urani, iliyomo kwenye kila mchanga duniani, ina mwali wa 609. Fuwele yetu huuona kila mwali kama kilima chenye upana wa kama asilimia saba ya nishati yake, na vilima viwili vilivyo karibu hivyo huungana. Sesiamu kidogo ya miaka ya sitini hujificha ubavuni mwa bismathi na huioni. Ukitaka kuitenganisha unahitaji kipima cha jerimani safi, kinachoona mwali kwa upana wa kiloelektrovolti mbili tu. Chombo hicho ni ghali, na hakifanyi kazi mpaka kipozwe sana, kwa kawaida kwa naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sufuri. Maabara ninayofanyia kazi haina. Ukikitaka, unakifuata kiliko.

Wanafunzi wa fizikia wa sehemu zetu tunalijua hili kabla hata ya kujua hesabu za kalkulasi. Mwenzetu wa kwingine huulizwa, "Unapenda kuchunguza nini?" Sisi hujiuliza chombo kiko wapi, na mapenzi yanafuata. Anayependa nyota anasoma Afrika Kusini kwa sababu antena 64 za MeerKAT ziko Karoo. Anayependa chembe anaota maabara ya Geneva. Abdus Salam wa Pakistan aliyajua haya vizuri: alirudi Lahore mwaka 1951 akiwa na shahada ya Cambridge, akajikuta hana wa kuzungumza naye fizikia, na mwaka 1954 akaondoka tena. Miaka kumi baadaye, 1964, alianzisha kituo cha fizikia huko Trieste, Italia, ambako mtafiti wa nchi maskini anaweza kwenda miezi kadhaa, akafanya kazi yake, kisha akarudi kwao bila kulazimika kuhama moja kwa moja. Leo Kigali kuna taasisi dada ya kituo hicho. Naona wazo lile la kwenda na kurudi lina thamani kuliko hata ile Nobel aliyoipata Salam mwaka 1979, na najua wapo watakaonizomea kwa kusema hivyo.

Sasa nije kwenye swali jingine. Ukiwa msichana wa mwaka wa nne, huwezi kuhudhuria harusi, matanga wala maulidi bila kuulizwa ukimaliza utafanya nini. Majibu wanayokupendekezea ni matatu. La kwanza, utafundisha. Si tusi, mwalimu wangu wa kidato cha pili ndiye aliyeniingiza huku. La pili, utaingia benki Nairobi uchambue data, kwa kuwa siku hizi wanawapenda watu wa fizikia. La tatu, utakwenda ng'ambo. Hakuna mpango unaokubalika ambao una alama ya kujumlisha na kutoa.

Kwenye mazungumzo hayo Mpemba hakosi kutajwa. Kila aliyesoma fizikia Afrika Mashariki amesimuliwa: mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa kidato cha tatu Magamba, Tanganyika, alitia maziwa ya moto kwenye friji ya kutengenezea aiskrimu, yakaganda kabla ya yale yasiyochemshwa ya mwenzake. Aliuliza, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akachekwa, mpaka Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam alipolichukua swali hilo kwa uzito, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Husimuliwa ili tujue kwamba tusikate tamaa. Mimi hunivutia mambo mawili yasiyosimuliwa sana. Moja ni fundi wa maabara ambaye Osborne alimpa kazi ya kujaribu. Alirudi na habari kwamba maji ya moto kweli yalitangulia kuganda, akaahidi kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu lililo sahihi. Watu hucheka. Mimi sicheki sana, kwa sababu katika kila maabara nimemwona fundi huyo, na mara nyingine ana shahada ya uzamivu. Hata leo jambo lenyewe halijatulia: mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima upya wakasema hawaoni ushahidi wa kutosha kwamba maji hufanya hivyo, na mwaka 2020 wengine wa Kanada wakaonyesha jambo la namna hiyo kwa uwazi kabisa, lakini kwa chembe ndogo zilizo majini, si kwa aiskrimu.

La pili ni kwamba makala ilipotoka, Mpemba alikuwa anasoma chuo cha wanyamapori cha Mweka, karibu na Moshi. Akaishi maisha yake ya kazi kwenye wanyamapori. Jina la Mtanzania linalojulikana kuliko yote katika fizikia ni la mtu aliyekuwa afisa wa wanyama. Sijui kwa nini tunalisimulia kana kwamba ni upungufu, au hatulisimulii kabisa. Swali lake lilikuwa zima, kipimo chake kilikuwa chake, na mkate wake ulitoka kwingine.

Hilo limeniondolea mzigo, kwa sababu nilikuwa nayafunga pamoja mambo mawili: nitakula wapi na nitapima nini. Nimeomba ufadhili ambao Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki huwapa wanawake wanaosomea uzamili wa mambo ya nyuklia, mpango ulioanzishwa mwaka 2020 na kupewa jina la Marie Skłodowska-Curie. Nikiupata, nitakwenda nikakae karibu na jerimani nijifunze kuitumia vizuri. Nisipoupata, nitafundisha, na likizo nitachukua basi na makopo yangu mpaka penye chombo. Fizikia ya tiba imenivuta pia, maana hospitali za mionzi zinaongezeka na wanaojua kupima dozi ni wachache; huko mtu anaweza kula na kupima kwa pamoja. Mama analipenda zaidi hilo kwa sababu lina neno hospitali. Nimeliweka kwenye orodha.

Lakini mchanga wa kutoka Mida hadi mto Sabaki nitaukusanya kwa vyovyote, na hilo halisubiri barua ya mtu. Kuukusanya ni ndoo, kijiko, mifuko, kalamu isiyofutika na simu ya kuonyesha mahali. Mchanga ukishakauka na kuandikwa vizuri unaweza kukaa rafuni miaka, na sesiamu yake inahesabika hata baadaye, mradi tarehe inajulikana. Kinu kijengwe Kilifi, kijengwe Siaya, kisijengwe kabisa, namba zitakuwa zimeandikwa, na shaka yake pembeni.

Tatizo lililobaki ni mjomba. Anataka nichukue mchanga wa dago lake, wa mlango wa mkondo ambako samaki hupita, na wa mahali pamoja ambapo ana hakika pana kitu. Nikamwambia haiwezekani kuchagua kwa kupenda. Nimechora miraba kwenye ramani, na sampuli huchukuliwa kila mistari inapokutana, papendeze pasipendeze. Alivaa miwani, akaichukua simu yangu, akaiangalia ramani kwa muda.

"Hapa na hapa ni mikoko, utazama mpaka kiunoni," akasema. "Na hapa katikati ni mkondo wenyewe, hapapitiki kwa mguu hata maji yakitoka. Ramani yako imechorwa na mtu aliye juu."

"Ndiyo mjomba, ni setilaiti."

"Basi hapo utahitaji dau. Na dau si la bure, wala si la wakati unaotaka wewe. Njoo bamvua likipita."

Tumeelewana kuhusu dau. Kuhusu ile sehemu yake anayoishuku bado tunabishana. Nimemwambia nitaichukua kama sampuli ya ziada, nje ya miraba, iandikwe hivyo hivyo kwenye daftari, kwamba ilichaguliwa na mvuvi. Anataka jina lake liandikwe kamili.